Je, Nchi Ndogo Yahitaji Baraza la Juu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)

Ndugu wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza: nchi ndogo sana ina haja gani ya Seneti juu ya Bunge? Na tuitazame Grenada, nchi ya kungumanga katika Bahari ya Karibi, iliyopata uhuru kwa Waingereza mwaka 1974. Watu wake ni laki moja na ziada tu.

Wabunge wake wa kuchaguliwa ni 15, na Maseneta ni 13. Maseneta hawapigiwi kura. Waziri Mkuu hutaja 7, na Kiongozi wa Upinzani 3. Watatu waliobaki hutajwa na Waziri Mkuu vilevile, baada ya kushauriana na vyama na makundi ya nchi. Hapo ndipo wafanyakazi hupatia kiti chao.

Wako wasemao kwamba hiyo ni mishahara ya bure, nao wana haki kusema. Muswada wa fedha Seneti ile haiwezi kuuzuia kupita mwezi mmoja. Na New Zealand, iliyo kubwa kuliko Grenada mara nyingi, ilipitisha sheria ya kulivunja baraza lake la juu mwaka 1950, na haijalirudisha.

Lakini tazameni na upande wa pili. Katika uchaguzi wa 1999, wa 2013 na wa 2018, chama kimoja kilizoa viti vyote 15. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, upinzani haukuwa na kiti hata kimoja. Wakati kama huo, mtu wa wafanyakazi akisimama katika Seneti kuuliza habari za mishahara na malipo ya uzeeni, hilo si jambo dogo.

Sisi wa reli twajua kazi ya breki ya gadi, kule nyuma ya treni. Ilifaa kwa sababu gadi hakuandikwa kazi na dereva. Lau angaliogopa kufukuzwa naye, breki ile ingalikuwa chuma tu. Basi fikirini: Maseneta 10 katika 13 hutajwa na mkono mmoja.

Na kwetu je? Seneti ya 1963 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966, na Katiba ya 2010 ikairudisha. Lakini Katiba hiyo imewataja wafanyakazi katika Bunge la Taifa, si katika Seneti. Wamo katika viti 12 vya kuteuliwa, pamoja na vijana na walemavu, na wateuzi ni vyama vya siasa. Ugonjwa ni ule ule.

Maoni yetu ni haya. Nchi ndogo haihitaji baraza la pili kwa ajili ya heshima. Baraza moja latosha, mradi mtu wa wafanyakazi achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, nao waweze kumwondoa. Lakini Seneti ya Grenada isivunjwe kabla kiti hicho hakijawekwa katika Bunge, maana kiti kikipotea hakirudi kwa urahisi.

Nasi hapa, tusingoje kuteuliwa mtu tusiyemjua. Vyama vya siasa kabla havijapeleka orodha zao, na tupige kura matawini, tuwapelekee jina letu, na kuwauliza mbele ya watu kama wamelipokea.

Umoja ni nguvu.