Mizani ya kupimia jeraha la chembe

Mizani unazozijua wewe ni za dukani, za buchani na zile kubwa za kwenye maghala ya nafaka. Leo nataka tuzungumzie mizani ya aina nyingine kabisa, ambayo haina habari na kilo wala gunia. Yenyewe hutambua molekuli kwa uzito wake, na imetusaidia kujua mahindi yaliyoingia kuvu yanafanya nini ndani ya ini la binadamu.

Nianze na sumu yenyewe. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi. Wataalamu walihangaika, ugonjwa wenyewe wakauita X kwa kukosa jina, hadi walipobaini kwamba mashudu ya karanga waliyolishwa ndege hao, yaliyotoka Brazil, yalikuwa na kuvu. Sumu ya kuvu hiyo ndiyo aflatoksini, ambayo sisi tumezoea kuiita sumukuvu. Kwetu Afrika Mashariki imejitambulisha kwa misiba. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Vifo vya namna hiyo huandikwa magazetini kwa sababu huja kwa mkupuo. Mimi vinavyonitia wasiwasi zaidi ni vile visivyoandikwa. Mtu anakula sumu kidogo kidogo kwa miaka 20, haugui, anakwenda kazini kama kawaida, hadi siku daktari anapompapasa ubavu wa kulia na kumwambia kuna uvimbe kwenye ini. Nani atathibitisha kwamba chanzo ni ugali?

Ili tuelewane, inabidi tuingie ndani ya chembe hai. Humo mna DNA, ule uzi mrefu wenye maandishi ya urithi, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Herufi moja inaitwa guanini. Sumukuvu ikifika kwenye ini, ini hujaribu kuibadilisha ili iyeyuke na kutoka mwilini. Katika kufanya hivyo huibandika oksijeni, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu sumu iliyobandikwa oksijeni inakuwa kali kuliko ilivyoingia. Inaidaka guanini na kung'ang'ania.

Chembe nayo haikai kimya. Ina mafundi wake, vimeng'enya vinavyopita kwenye uzi, vikakuta pameharibika, vikakata kipande kile na kuziba pengo kwa kunakili upande wa pili. Wanasayansi watatu waliochambua kazi za mafundi wa aina hii, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Guanini zilizodakwa, nyingine hukatwa na mafundi hao na nyingine hung'oka zenyewe. Sehemu ya taka hizo huishia kwenye mkojo.

Sasa ije mizani. Jina lake la kitaalamu ni spektrometa ya masi. Si mpya, Francis Aston aliunda ya kwake kule Cambridge mwaka 1919. Ila kwa miaka mingi molekuli kubwa na dhaifu kama hizi ziliisumbua, mpaka ilipopatikana mbinu ya kuzipuliza kama ukungu mwembamba wenye umeme, bila kuzivunja. Kwa mbinu hiyo John Fenn alishiriki Nobel ya mwaka 2002.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Guanini ina uzito wa 151. Sumukuvu 312. Oksijeni 16. Jumla 479. Mashine huongeza haidrojeni moja ili kitu kiwe na chaji, tunapata 480. Kisha hukivunja makusudi, na kipande kimoja kinachotoka kina 152, yaani guanini yenyewe na haidrojeni yake. Ukiona 480 inayovunjika na kutoa 152, umemkamata mwizi akiwa na mali mkononi. Hawezi tena kudai kwamba alikuwa anapita njia.

Jeraha likichelewa kuzibwa hadi chembe ikagawanyika, herufi husomwa vibaya na kosa linarithiwa. Mwaka 1991 kosa moja la namna hiyo, mahali palepale kwenye jeni iitwayo TP53, lilikutwa katika saratani nyingi za ini kutoka Qidong nchini China na kusini mwa Afrika. Huko Shanghai wanaume zaidi ya 18,000 walitoa mkojo wao wakiwa wazima, ukahifadhiwa. Matokeo ya mwaka 1994, yaliyopimwa kwa mbinu nyingine za maabara, yalionyesha kwamba mwenye dalili za sumukuvu pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya B alikuwa katika hatari ya saratani ya ini karibu mara 60 ya asiye na vyote viwili. Nawataja hao kwa sababu Watanzania wengi tulizaliwa kabla ya mwaka 2002, ambapo watoto wetu walianza kupewa chanjo ya homa hiyo.

Qidong wakaacha mahindi polepole na kuhamia kwenye wali kuanzia miaka ya 1980. Damu yao iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa kwa mizani hii, kiwango cha kati cha sumukuvu iliyoshikana na protini ya damu kilikuwa 19.3 mwaka 1989, kikashuka hadi 3.6 mwaka 1995, na mwaka 2009 hakikuonekana tena. Vifo vya saratani ya ini navyo vilipungua.

Sisi hatuwezi kuambiwa tuache ugali. Lakini mkaguzi anapima gunia la ghalani tu. Lile linaloletwa na basi kutoka kwa shangazi shambani halioni. Kwa hiyo naona wakubwa wafikirie kupima na damu za walaji. Wakati tukingoja, mahindi yakaushwe sawasawa, yachambuliwe kwa mkono, na yenye mashaka yatupwe, maana jiko haliiui sumu hii. Hata dona tunayoisifia, hapa sembe inaishinda, kwani kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu pamoja na pumba. Na pumba hizo, pamoja na punje mbovu, asipewe ng'ombe wa maziwa. Mwili wake huibandika sumu ile oksijeni nyingine na kuipitisha kwenye maziwa, ambamo mizani huikuta ikiwa na uzito wa 328.