Mbuni Wetu na Sanduku la Akina Mama

Leo hatukuja na habari ya visima wala mikopo. Tumekuja na habari ya mbuni, yule ambaye Wasomali humwita gorayo. Msicheke kwanza.

Mbuni wa Umaasaini ana shingo na mapaja ya rangi nyekundu-nyekundu. Huyu wetu wa Garissa, Wajir na Mandera ni wa kijivu chenye ubuluu. Mwaka 2014 shirika la BirdLife International lilimtambua kuwa aina ya peke yake, naye akaingia katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Ukitoka Pembe ya Afrika na upande wetu huu wa Kenya, huyu hapatikani porini kwingine.

Adui yake ni nani? Fisi yumo, lakini zaidi ni ndoo yetu. Kijana akichunga mbuzi anakuta kiota, jioni anarudi na mayai. Yai moja lina karibu kilo moja na nusu, na hata ganda tupu lina mnunuzi. Mwaka wa njaa si rahisi kumlaumu.

Ila kiota kile ni kama chama cha akina mama. Majike kadhaa hutaga mahali pamoja, kisha jike mkubwa ndiye anayelalia, tuseme mweka hazina. Mchana hulalia yeye, maana rangi yake yafanana na udongo. Usiku hulalia dume mweusi. Ni kazi ya wiki sita hivi. Basi anayebeba ndoo moja ameondoka na sanduku lote, michango ya kila mama.

Tena Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ipo: kukaa na yai au ganda bila kibali ni kosa.

Mama mmoja alituuliza, "Tukiyaacha, sisi tunapata nini?" Swali la haki kabisa. Kwa sasa, hata shilingi hakuna, tusidanganyane. Lakini watu wa Ishaqbini, kaunti hii hii, walitenga ardhi yao kwa ajili ya hirola, mwaka 2012 wakapata hifadhi yenye ua, na vijana wao wakaajiriwa kuwa walinzi. Walianza kwa kukubaliana wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kijadili: kiota kikionekana, nani atawaambia wachungaji wapitishe mifugo na mbwa mbali kwa hizo wiki sita? Andikeni jina lake kwenye kitabu cha mkutano.