Kundi Lilikimbia, Wanafunzi Walizunguka

Andiko la kusoma: Matendo ya Mitume 14:8-20

Somo letu la leo tulilipata mahali ambapo hatukutazamia: katika muchezo wa bokse.

Asubuhi ya siku ya yenga, tarehe 4 Agosti 2024, vijana wetu walifika ibadani na macho mekundu. Hawakukesha katika maombi. Walikesha kwenye telefone. Kule Los Angeles ilikuwa bado usiku wa siku ya posho, na Martin Bakole, mutoto wa Kananga aliyekuwa akifanya mazoezi Scotland, alikuwa amemupiga Jared Anderson. Huyu Anderson alikuwa hajashindwa hata mara moja, na Wamarekani wengi walisema ndiye mufalme anayekuja wa uzito wa juu. Bakole alimwangusha katika raundi ya kwanza, na katika raundi ya tano mwamuzi alisimamisha pambano.

Tuseme ukweli mbele ya Mungu: sisi pia tulifurahi. Hata mama zetu wa kikundi cha maombi, wasiojua raundi ni kitu gani, walisema, "Mutoto wetu amewapiga!" Kufurahi si zambi. Lakini tujiulize: wengi wetu jina la Bakole tulilijua lini? Tulilijua juma lile. Hatukujua kama katika mwaka wa 2018 alipigwa London na Michael Hunter, katika raundi ya kumi. Hatukujua alivyoanza tena polepole, mupaka akamushinda Tony Yoka kule Paris katika mwaka wa 2022, nyumbani kwa Yoka mwenyewe. Wakati wa kulima hatukuwa naye. Tulifika wakati wa mavuno, na tukaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Miezi sita ikapita. Tarehe 22 Februari 2025, kule Riyadh, Joseph Parker alipaswa kupigana na Daniel Dubois. Dubois akagonjwa, na Bakole akaitwa siku mbili tu mbele ya pambano. Alisafiri, akafika usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mwili wake ulikuwa muzito kuliko wakati wote wa kazi yake. Katika raundi ya pili ilikuwa imekwisha. Parker alishinda.

Ndugu zetu, mulisikia yaliyosemwa nyuma ya pale? Sisi tuliyasikia, na mengine yalitoka katika vinywa vyetu. "Alikula pesa tu." "Tulijua tangu zamani." Kumbe hatukujua kitu! Kijana mumoja wa kanisa letu aliweka pari na pesa ya chakula cha nyumbani. Siku ile alimulaani Bakole kama mutu aliyemwibia. Lakini Bakole hakumwomba hata faranga moja. Aliyemudanganya ni kelele.

Kuna neno lingine, nalo ni zito zaidi. Siku ya ushindi, Bakole alikuwa Mukongomani. Siku ya kushindwa, wengine walikumbuka kabila lake na jimbo lake. Wapendwa, katika Katanga yetu tunajua maneno ya namna ile yamezaa nini. Wenye umri kati yetu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani walilala na watoto wao kwenye gare za Likasi na Kolwezi, wakingoja treni ya kuwaondoa. Haikuanza na moto. Ilianza na midomo, na watu waliokuwa wakiitwa "wetu" wakageuka "wale". Mutu mwenye kusema "wetu" siku ya ushindi tu, moyo wake haujajua udugu.

Sasa tufungue andiko. Kule Listra, Paulo alimuponyesha mutu aliyekuwa kilema tangu tumboni mwa mama yake. Watu wakapiga kelele katika luga yao, wakisema miungu imeshuka. Wakaleta ngombe na maua. Paulo na Barnaba wakapasua nguo zao, wakakataa sifa ile. Muangalie sasa mustari wa 19: watu wengine wakafika, wakageuza mioyo ya kundi, na Paulo akapigwa mawe na kukokotwa inje ya muji kama maiti. Ni muji ule ule! Kundi lililotaka kumutolea zabihu likakubali apigwe mawe.

Lakini musifunge Biblia pale. Musome mustari wa 20. Wanafunzi wakamuzunguka. Ni neno fupi, lakini uzima wote wa kanisa uko ndani yake. Hawakumuzunguka akiwa na sifa. Walimuzunguka akiwa chini katika mavumbi, na damu juu ya uso. Na akasimama, akaingia katika muji.

Hii ndiyo tofauti ya mushabiki na mwanafunzi. Mushabiki anazunguka mutu aliyesimama. Mwanafunzi anazunguka mutu aliyeanguka.

Wazazi wetu wanakumbuka usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa. Uwanja wote ulimwitia Muhammad Ali, na George Foreman akaanguka katika raundi ya nane. Nani katika inchi yetu alimuhurumia Foreman? Lakini Mungu hakuwa amemaliza naye. Katika mwaka wa 1977, kiisha kushindwa tena, Foreman aliguswa na Mungu katika chumba cha kubadilishia nguo. Akaacha ngumi miaka kumi, akahubiri Injili kule Houston na kufungua nyumba ya vijana. Aliporudi ulingoni, alisema anatafuta pesa ya kusaidia vijana wale. Katika mwaka wa 1994 akawa tena bingwa wa dunia, akiwa na miaka 45. Alilala katika Mwezi wa Tatu wa mwaka wa 2025. Yule ambaye kundi lilimukataa, Bwana alimuokota.

Na sisi tufanye nini? Tuanze hapa nyumbani. Tulikuwa na dada mumoja katika koro, mwenye sauti iliyotutoa machozi. Kila siku ya yenga tulimupigia mikono. Kiisha akagonjwa koo, sauti ikapotea. Miezi mitatu ilipita mbele hata mutu mumoja kati yetu kubisha mulango wake. Tulipofika, hakutulaumu. Aliuliza tu, "Munanikumbuka?" Wapendwa, ulizo lile lilitupiga kuliko ngumi yoyote. Tulitubu, na tungali tunatubu.

Juma hili, kila mumoja atafute mutu mumoja ambaye zamani alisifiwa na leo amenyamaziwa: kijana aliyeanguka egzame, muchungaji muzee aliyeacha kazi, jirani wa kabila lingine aliyepoteza kazi kwenye mugodi. Usimupelekee mahubiri. Mupelekee unga kidogo, ukae naye. Na ninyi vijana, pesa ya pari muilete nyumbani, inunue bukari.

Tuombe. Baba, utusamehe kelele zetu. Umulinde Martin Bakole na jamaa yake, akishinda au akishindwa. Utufanye wanafunzi wenye kuzunguka walioanguka, kwa sababu Mwana wako hakutukimbia siku tulipokuwa katika mavumbi. Katika jina la Yesu. Amina.