Hakuna Mshirika Mdogo

Somo letu latoka katika Matendo ya Mitume, mlango wa pili, mstari wa 41 hadi wa 47. Mkiwa na Biblia karibu, lisomeni baada ya kipindi hiki.

Luka atueleza kwamba siku ya Pentekoste watu wapata elfu tatu walimwamini Kristo na kubatizwa. Wala hawakutawanyika baada ya hapo. Walifundishwa pamoja, wakaomba pamoja, wakala meza moja, na mwenye mali aliuza ili mwenye shida asaidiwe. Angalieni utaratibu huo: kwanza waliamini, ndipo wakabatizwa, ndipo wakaishi kama jamaa moja. Sisi Wabaptisti twaushika utaratibu huo, na leo twataka kuwaeleza unatudai nini.

Watu wengi hutuuliza, “Mbona ninyi hamwabatizi watoto wachanga?” Mtoto akizaliwa kwa washirika, huletwa mbele ya kanisa, huombewa, na wazazi wake huahidi kumlea katika njia ya Bwana. Lakini hatumtii majini, kwa maana imani hairithiwi kama shamba. Baba aweza kumwachia mwanawe ng’ombe na ekari za ardhi. Toba hawezi kumwachia. Siku mtoto huyo atakapomwamini Kristo kwa moyo wake mwenyewe, atafundishwa, atashuhudia mbele ya washirika, kisha atashuka majini, iwe ni mtoni, baharini, au katika birika la kanisa. Huzamishwa mwili wote, akainuliwa, iwe picha ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, kama Paulo alivyowafundisha Warumi katika mlango wa sita. Maji hayo hayamwokoi mtu. Kristo ndiye aokoaye. Maji hushuhudia tu.

Msikilizaji mpendwa, pengine umekaa kanisani miaka 20. Nyimbo wazijua bila kitabu, na mama yako alikuwa mwombaji hodari. Hayo ni mema. Lakini je, wewe mwenyewe umemwamini?

Kwa sababu imani ni ya hiari, hakuna awezaye kulazimishwa kuamini. Neno hili liliwagharimu sana waliotutangulia. Mwaka wa 1609 kikundi kidogo cha Waingereza waliokimbilia Amsterdam, wakiongozwa na John Smyth, walibatizwa kwa kukiri imani yao wenyewe. Ubatizo wa kuzamishwa ulishikwa na Wabaptisti wa Uingereza baadaye katika karne hiyo hiyo. Mwenzake Smyth, Thomas Helwys, alirudi London na mwaka wa 1612 akatoa kitabu cha kumwonya Mfalme James kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu. Tena hakudai uhuru huo kwa Wakristo peke yao, bali na kwa Waislamu na Wayahudi. Akatiwa gerezani, akafa akiwa kifungoni. Basi Mbaptisti asimdharau jirani yake Mwislamu, wala asimwonee mtu wa dhehebu jingine. Amshuhudie kwa upole, na kumwachia Mungu moyo wake.

Katika Kenya yetu, kazi ya Wabaptisti iliongezeka tangu mwaka wa 1956, wamishonari kutoka Marekani walipofika. Leo makanisa yako mjini na mashambani, mengine ya mawe, mengine ya mabati, mengine chini ya mti. Hata lile la chini ya mti ni kanisa kamili. Halitawaliwi na askofu wala ofisi iliyo mbali. Makanisa hushirikiana katika kazi, lakini washirika wa mahali ndio wamwitao mchungaji, huchagua mashemasi, na kuamua matumizi ya sadaka. Katika mkutano wa washirika mwalimu mkuu ana kura moja, na mfanyakazi wa nyumbani ana kura moja. Hakuna mshirika mdogo, maana kila aaminiye ni kuhani mbele za Mungu.

Uhuru huo ni mtamu, lakini una hatari yake, nasi hatutaificha. Tuseme mshirika alimkopesha mwenzake fedha za karo. Mwaka umepita, deni halijalipwa. Sasa mwenye deni hukaa nyuma karibu na mlango, na mwenye kudai hukaa mbele akiimba kwa sauti kubwa. Hawasalimiani. Halafu mkutanoni laja shauri la kununua mabati. Mmoja akisema ndiyo, mwingine asema la, wala si kwa ajili ya mabati. Jamaa zao huwafuata. Muda si muda kanisa lina pande mbili, na wale wasiojua habari za lile deni washangaa ugomvi umetoka wapi.

Kwetu hakuna mkubwa atakayetoka mbali aje kuwaamua. Yuko Kristo, na ziko amri zake. Katika Mathayo, mlango wa 18, atuagiza tumwendee ndugu yetu kwanza tukiwa wawili peke yetu. Asiposikia, tuchukue mmoja au wawili; baadaye ndipo tuliambie kanisa. Wengi wetu huianza njia hii kutoka mwisho wake: twamwambia kila mtu kisimani na sokoni, na mhusika husikia baada ya wote. Na katika mlango wa tano Bwana amwagiza mtu aliyeleta sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka aende akapatane naye. Basi mwenye deni naye asingoje kutafutwa. Hata akiwa hana senti, aende aseme, “Ndugu yangu, sijasahau.” Na mwenye kudai asikilize, maana naye alisamehewa deni asiloweza kulilipa.

Hivi karibuni makanisa mengi yatakaa tena mezani pa Bwana. Mkate utapita mkono kwa mkono, kutoka kwa ndugu hadi ndugu. Je, yuko mtu usiyetaka kuupokea mkononi mwake? Usingoje Jumapili hiyo. Mwendee wiki hii, nyumbani kwake, kabla jua halijatua. Na wewe ambaye hujamwamini Kristo, mwamini leo; mlango wa jamaa hii uko wazi, nawe hutakuwa mdogo ndani yake.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa kutufanya watoto wa nyumba moja. Utuondolee kiburi cha kura zetu na ukaidi wa mioyo yetu. Wafariji wagonjwa wanaotusikiliza, na uwape waliokosana nguvu za kwenda kupatana. Katika jina la Yesu. Amina.