Ndizi za Keumbu zinastahili bei bora

Ukitoka mjini Kisii kuelekea Keroka, utapita Keumbu, soko lenye sifa ya ndizi. Mikungu mibichi hupangwa chini, mnunuzi akaikagua kichane kwa kichane kabla ya kutaja bei. Kisha lori hupakiwa kwa safari ya Nairobi.

Tatizo ni kwamba bei hutajwa kwa kukadiria kwa macho, si kwa mizani. Naye mkulima hana nguvu ya kubishana, kwa kuwa ndizi ikishakatwa haimsubiri mtu: itaiva, itachubuka, itaoza.

Tutazame kwingine: nchini India, mji wa Jalgaon katika jimbo la Maharashtra umejijengea jina kwa zao hilohilo. Huko wakulima wengi hupanda miche iliyozalishwa maabara, isiyobeba magonjwa ya shamba la zamani, na humwagilia kwa matone.

Keumbu nayo ina mvua, udongo mzuri na wakulima hodari. Kinachohitajika ni mizani, ghala la baridi na ushirika imara. Serikali ya Kaunti ya Kisii ianze na mizani. Wakulima nao waungane, wauze kwa sauti moja.