Mtoto Apewe Maneno
(Hotuba kwa walimu na wazazi)



Kwa miaka mingi niliwakaririsha wanafunzi: tashbihi hulinganisha kwa "kama", sitiari hulinganisha bila "kama", tashihisi hukipa kitu sifa za mtu. Walifaulu mtihani, kisha wakasahau.

Nilibadilika tuliposoma Marimba ya Majaliwa, riwaya ya watoto ya Edwin Semzaba iliyotoka mwaka 2008. Majaliwa anazunguka nchi akitafuta marimba yake iliyoibwa. Tulitundika ramani ya Tanzania ukutani. Kila alipofika tuliulizana: hapa pana nini? Panasikika nini? Pangekuwa pengine, kisa kingebadilika? Hiyo ndiyo mandhari. Kisha nikawaambia: sasa elezeni kwenu.

Binti mmoja mkimya aliandika: "Bomba letu limezeeka, ukilifungua linakohoa tu." Neno tashihisi hakulitaja, lakini alishaijua. Nasi ndipo tulipojua kwa nini alikuwa akichelewa shule kila siku.

Wapendwa, asiye na maneno hawezi kusema linalomsibu. Hata nakala tano zinatosha kusoma kwa makundi. Tuanze na hizo.