Baada ya Matanga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Iyula, Mbozi)



Tumetakiwa kusema machache juu ya msiba, na hasa juu ya njia ya kurudi katika maisha baada yake. Hatukulikataa ombi hilo, ijapokuwa ni zito kwetu, kwani wengi wenu mlikuwapo siku tulipomzika mama wa watoto wetu hapa Iyula. Mlituchukulia jeneza mabegani, mkatuletea kuni na unga, mkalala nje katika baridi ya mwezi wa Juni. Hatuna cha kuwalipa ila kuwaambia kweli.

Kweli yenyewe ni hii: siku za matanga hazikuwa ngumu kama siku zilizofuata. Wahenga wamesema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nasi tumejifunza kwamba wa mbali hutoka kwanza, mfiwa akabaki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mtumishi aliyefiwa na mume au mke, mzazi au mtoto likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4. Hatuilaumu, kwani kazi ya umma haiwezi kufungiwa mlango. Lakini tazameni: Uislamu humwekea mjane eda ya miezi 4 na siku 10, na huko pwani watu hukusanyika tena kusoma hitima ya arobaini. Waliozishika desturi hizo walijua kwamba moyo hauendi kwa kalenda ya ofisi.

Siku ya tano sisi tulikuwa mezani, kalamu mkononi. Tulinakili barua moja mara tatu, na mara zote tatu tulikosea tarehe: tuliandika ile ya mazishi. Wenzetu walipita wakinyata. Hapana aliyelitaja jina la marehemu. Walidhani wanatuhurumia, kumbe kwetu ilikuwa kama kumzika mara ya pili.

Katika hali hiyo tulimkumbuka karani mwenzetu wa zamani, marehemu Shaaban Robert, aliyeingia kazi ya Forodha mwaka 1926 akaitumikia serikali kwa miaka mingi. Alipofiwa na mkewe Amina hakujifanya jiwe. Alitunga shairi la kumlilia, akaliita kwa jina lake. Tena alitunga Utenzi wa Hati wa kumwusia binti yake, na mwingine wa kumwusia mwanawe. Sisi twaona hapo mambo mawili: kumtaja aliyekufa, na kumtumikia aliye hai. Mwenye kushika la kwanza peke yake huweza kuzama. Mwenye kushika la pili peke yake huufukia moyo wake ungali hai.

Sisi si washairi. Marehemu alikuwa amepanda mibuni nyuma ya nyumba. Msimu ule kahawa iliiva, ikawa nyekundu, ikaanza kudondoka, nasi hatukutaka hata kupita pale. Jioni moja tarishi wa ofisi yetu, mzee aliyekwisha kuzika watoto wawili, alikuja na kikapu. Hakutoa pole. Alisema, "Mwanangu, kahawa ya mama watoto inaoza. Angeiona hivi, angesema nini?" Akaanza kuchuma. Binti yetu wa miaka tisa akamfuata. Tukaona haya, tukatoka. Tulichuma hata giza likaingia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi binti yetu akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akigombana na kuku katika mibuni ile. Tukacheka, kisha tukalia, kisha tukala chakula chote tulichopakuliwa. Siku hiyo ndiyo tunayoihesabu kuwa siku ya kurudi.

Msidhani huzuni imekwisha. Ingali ipo, wala hatuombi iondoke yote, kwani kurudi si kusahau. Ila sasa yakaa nasi, haitukalii tena.

Kwa hiyo tunatoa shauri. Mfuko wetu wa kuzikana hutumika wote kwa muda wa matanga: sanda, jeneza na chakula. Ni vema, nasi tulifaidi. Lakini tunaomba mambo manne yaongezwe. Kwanza, kila mfiwa apangiwe wanachama wawili wa kumtembelea katika juma la pili, siku ya arobaini, na tena mwezi wa sita. Pili, wasiende na pole tupu, bali wafanye kazi moja ya nyumbani pamoja naye. Tatu, wamtaje marehemu kwa jina, wala wasiogope machozi. Nne, ofisini mfiwa apewe kazi ndogo yenye mwisho. Asitwishwe nzito, wala asiachwe bila kazi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema wahenga. Lakini aliyewahi kutia bega chini ya mzigo huo aujua uzito wake, na katika baraza hili wako wengi. Tukikubaliana juu ya zamu hiyo, andikeni jina letu la kwanza. Kikapu tunacho.